Weusi wa Sinki la Shaba

Mke wangu alienda kwa fundi na samaki. Nikisimulia hivyo watu huniangalia kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Fundi alikuwa na kibanda cha mabati pembeni mwa soko la Kibuye, kule wanakofua majiko, karai na masanduku ya wanafunzi, na ukitaka kusikika lazima ushindane na nyundo. Alimwuliza, kama anavyomwuliza kila mteja, anataka sinki la futi ngapi. Mke wangu akafungua gazeti, akatoa samaki mzima, ngege, aliyemnunua ufuoni Dunga asubuhi hiyo, akamlaza juu ya meza kati ya koleo na misumari.

"Huyu alale ndani bila kukunja mkia," alisema. "Halafu uache nafasi ya mikono yangu."

Fundi alimtazama samaki, akamtazama mke wangu, kisha akanigeukia mimi, mwanamume mwenzake, akitafuta msaada. Sikuwa na msaada wa kumpa. Nilikuwa nimenuna tangu tulipotoka nyumbani, kwa sababu sikulitaka hilo sinki la shaba.

Nijieleze kidogo, maana bila hivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi ya maabara kwenye kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni. Trekta linaingia na miwa, unachukua kipande, unakikamua, unapima utamu wake, unatamka jibu. Kazi ya namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba kila jambo lina jibu moja lililo sahihi, na kwamba ukishalijua ni wajibu wako kulisema. Watoto wetu, ambao sasa wako mbali kikazi, walikuwa wakinikimbia na madaftari yao ya hesabu. Mke wangu hakunikimbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," kisha akafanya alivyotaka.

Basi nilimweleza kwamba shaba haikai na rangi yake. Nilimweleza habari ya hewa na maji na chumvi, na jinsi ambavyo baada ya mwezi mmoja sinki lingekuwa jeusi kama sufuria la shuleni. Yeye alikuwa amefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kwenye shule ya wasichana upande wa Maseno. Aliyajua yote hayo kuliko mimi.

"Haya," alisema.

Ugonjwa wake ulikuwa umerudi. Daktari alituambia siku ya Jumatatu, kwa sauti ya chini na ya heshima, na ilipofika Ijumaa mke wangu alikuwa amemleta mwashi aje kubomoa ukuta wa jikoni. Nilidhani ni mshtuko. Nilimwambia tungoje kwanza tuone dawa itafanya nini. Alinijibu kwamba maisha yake yote ya ndoa alikuwa amepika jikoni mwa watu: nyumba za kiwanda, nyumba ya shule, nyumba za kupanga. Hata hii yetu, tuliyoinunua Kisumu tulipostaafu, ilikuwa na jiko lililopangwa na mtu mwingine, jembamba, lenye vigae vyeupe kama zahanati.

"Nataka moja liwe langu," alisema. "Hata kama ni la miezi tu."

Sikubishana tena siku hiyo. Nilibishana siku zilizofuata.

Jiko alilolitengeneza halikuwa na kitu kimoja kilichofanana na mwenzake. Milango ya kabati ilitoka kwenye duka la zamani la Kihindi lililokuwa likibomolewa mjini, yenye nakshi za maua na makovu ya makufuli. Vigae vya ukutani vilikuwa masalio ya nyumba za watu, vya bluu, vya kijani, vingine vyenye michoro, na mwashi alivipanga huku akitikisa kichwa. Rafu zilikuwa za mvule, na juu yake palining'inia vyungu vya wafinyanzi wetu pamoja na chujio la aluminiamu na taa ya karabai aliyoitia balbu. Nilimwambia ni kama mnada. Alicheka mpaka akashika ubavu, kwa kuwa kucheka kulikuwa kumeanza kumwumiza.

"Mnada ni mahali pazuri," alisema. "Kila mtu anaondoka na kitu anachopenda."

Shaba yenyewe ilitoka kwenye tangi kuukuu la kuchemshia maji. Fundi alilipasua, akalikunjua, akaanza kuligonga juu ya gogo. Hakuwa amewahi kutengeneza kitu kama hicho na hakuficha. Tulikwenda karibu kila siku, mke wangu akakaa kwenye kiti cha plastiki, leso mabegani ingawa jua lilikuwa kali, akatazama. Fundi aligonga mpaka shaba ikawa ngumu na kukataa kupinda, kisha akaipasha moto ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini, nayo ikalainika tena. Kugonga, moto, maji. Kugonga, moto, maji. Mke wangu alipenda sana sehemu ya maji. Kila iliposikika ile sauti ya chwaa alifumba macho.

Siku ya kupima urefu wa miguu ya meza ambayo sinki lingekaa, fundi alilalamika.

"Mama, hii iko chini sana. Mtu akisimama hapa ataumwa mgongo mbaya."

"Sitasimama," mke wangu alisema.

Fundi aliinua nyundo apige, kisha akaiteremsha. Alizima redio yake ndogo. Tangu siku hiyo hakumwuliza swali jingine juu ya kipimo, na alimaliza kazi mapema kuliko alivyoahidi, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa fundi yeyote wa mji huu.

Sinki lilipofungwa jikoni lilikuwa na rangi ya ajabu, wekundu wenye waridi ndani yake, na alama za nyundo zilizojaa kote. Nilipoingia asubuhi jua likipiga dirishani nililazimika kukubali, moyoni tu, kwamba ni kitu kizuri. Sikumwambia. Hilo ni mojawapo ya mambo ninayoyajutia, na si kubwa kuliko yote.

Yeye alikaa kwenye kigoda akasafisha samaki. Hakuweza kula samaki tena, tumbo halikumkubali, lakini alimpara magamba, akamtumbua, akamwosha kwa ndimu kama alivyofanya siku zote, na mimi nikala. Baada ya siku kumi hivi shaba ilianza kubadilika. Chini, maji yalipotuama, ilipata rangi ya kahawia, kisha ikawa nyeusi. Palipoangukia ndimu pakabaki madoa ya kung'aa, ya duara, moja hapa, mawili pale. Na kwenye ukingo wa kulia, mahali alipoegemeza kiganja chake kila alipotaka kuinuka, palitokea weusi wa aina yake, mzito na laini, wenye upana wa mkono wa mtu.

Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea walichungulia jikoni wakashtuka. Ni lazima uelewe watu wetu na vyombo. Mwanamke wa kwetu hupimwa kwa masufuria yake. Sufuria lazima ling'ae nje na ndani, hata chini linapokaa motoni, na linaanikwa uani ili majirani waone. Msichana akirudi kutoka mtoni na sufuria lenye weusi anarudishwa. Mmoja wa wale akina mama alimnong'oneza mke wangu kwamba anaweza kumletea waya ya kusugulia, na kwamba hilo sinki si la kuaibisha nyumba.

Walipoondoka nilimwambia, kwa ile sauti yangu ya maabara, kwamba nilisema mapema. Nilijitolea kulisugua mwenyewe.

"Usiliguse," alisema.

Alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, kiganja ukingoni. Alikuwa amekonda, pete ya ndoa ilikuwa imehamia kwenye kidole gumba.

"Mimi sitazeeka," alisema. "Unajua hivyo. Acha kitu kimoja katika nyumba hii kizeeke nikikiona."

Kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikuwa na la kusahihisha. Nililia mbele yake, nikiwa nimeshika taulo la vyombo.

Sasa nimtaje mama yake. Aliishi karibu na Awasi, mjane, mwanamke mdogo wa umbo na mkali wa macho, aliyewalea watoto wake kwa kuuza mboga sokoni. Alikuja kumwona binti yake kila alipopata nafasi. Lakini mimi ni mkwe, na katika ukoo wao adabu ya mkwe inashikwa kwelikweli. Mama mkwe hukaribishwa sebuleni na hukaa sebuleni. Hapiti kwenda vyumba vya ndani, hafungui kabati, haingii jikoni mwa mkwe wake, na jua halimzamii hapo. Nilikuwa nikitoka nyumbani makusudi, nakwenda kuzungukazunguka mjini, ili aweze kula kwa raha bila kuniona. Kwa hiyo hakuwahi kuliona lile sinki. Mke wangu alimsimulia tu, nikasikia nikiwa mlangoni navaa viatu. Mama alitaka kujua kama ni shaba ile ya senti za zamani. Aliambiwa ni hiyo hiyo. Wakacheka pamoja, sijui kwa nini, lilikuwa cheko lao.

Mke wangu alifariki hospitalini, asubuhi, nikiwa nimetoka kidogo kumtafutia uji. Sina zaidi la kusema juu ya asubuhi hiyo.

Nyumba ilijaa watu. Turubai lilisimamishwa uani, majiko ya kuni yakawashwa nyuma, akina mama wa kanisa wakapika, wazee wakakaa. Mimi nilikuwa nafuatilia jeneza, gari na vibali, kwa sababu tungempeleka kuzikwa nyumbani kwetu mashambani. Kila niliporudi kutoka mizunguko hiyo nilipitia jikoni. Watu walidhani nanywa maji. Nilikuwa nikiweka kiganja changu juu ya ule weusi wa ukingoni, kwa dakika moja hivi, kisha natoka kwenda kusalimia wageni. Ndicho kitu kilichonitegemeza wiki ile. Nguo zake zilikuwa zimefungiwa kwenye masanduku na dada zangu, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya, lakini pale alikuwapo.

Siku moja kabla ya safari nilirudi saa nane mchana. Niliingia jikoni, na sinki lilikuwa likiwaka. Lilikuwa jekundu kama siku lilipotoka kwa fundi, jekundu zaidi. Madoa ya ndimu hayakuwapo. Chini hapakuwa na kahawia wala nyeusi. Kwenye ukingo wa kulia niliona uso wangu.

Juu ya meza kulikuwa na bakuli la majivu, maganda ya ndimu na magunzi mawili ya mahindi yaliyolika.

Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele namna ile, wala kazini mashine zikivuma. Niliuliza ni mjinga gani aliyegusa sinki hili. Nilisema neno hilo, mjinga, na mengine mabaya zaidi. Akina mama wa kanisa walisimama na miiko mikononi. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mama mkwe wangu, leso imefungwa kiunoni, mikono imejaa majivu mpaka kwenye viwiko.

"Ni mimi, ora," alisema. Ndivyo wakwe wanavyoitana kwa Kijaluo.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Angepiga magoti. Mimi nilisema, mbele ya watu wote, "Na nani alikuruhusu kuingia humu?"

Mmoja wa akina mama aliweka mkono mdomoni. Mama mkwe alifungua leso kiunoni, akajifuta mikono polepole, akapita pembeni yangu huku uso wake ameugeuza upande, kama inavyotakiwa, akarudi sebuleni. Siku ya mazishi alikaa nyuma kabisa na watu wa kwao. Hakunitazama na mimi sikuthubutu kumsogelea.

Miezi ilipita. Kaka yangu mkubwa alikuja kunikalisha chini. Aliniambia nimemtukana mama mkwe ndani ya matanga ya mtoto wake, kwamba watu wanalisema jambo hilo mpaka Ahero, na kwamba litanifuata. Hakuhitaji kuniambia. Nilikuwa silali. Tulinunua blanketi, sukari, unga na leso jozi mbili, tukamchukua mbuzi, tukaenda Awasi siku ya Jumamosi.

Alitupokea vizuri mno. Alituwekea viti kwenye kibaraza, yeye akakaa kando kidogo kwenye mkeka, ametazama uani, mimi nikamwona upande mmoja tu wa uso. Kaka alisema maneno aliyokuja kuyasema, na kwa ustadi. Mama alisikiliza. Alipoanza kujibu nilishangaa, kwa sababu aliomba msamaha yeye.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema. Alisema kwa Kijaluo, taratibu. "Niliingia jikoni kwa mkwe wangu. Mtu mzima kama mimi. Ulikuwa na haki ya kunifukuza."

Nilitaka kusema kitu, kaka akanigusa goti.

"Lakini niliwasikia wale wanawake," mama aliendelea. "Walikuwa wakiambiana sebuleni kwamba marehemu ameacha sinki chafu. Mtoto wangu hajazikwa, na watu wanasema hivyo. Sikuweza kukaa. Unajua, akiwa msichana nilikuwa mkali kwake. Akirudi kutoka mtoni na sufuria lenye weusi namrudisha. Mara mbili, mara tatu, mpaka vidole vinachubuka. Nikasema leo nitasugua mimi. Leo asirudi mtoni."

Alitabasamu, nililiona tabasamu hilo kutoka upande.

"Nilipomaliza nilisikia moyo umetulia. Tangu afe sikuwa nimesikia hivyo. Nilimwambia, nyathina, mwanangu, sasa ni safi, nenda."

Hapo ndipo ningesema ahsante. Neno moja tu. Ero kamano, mama, lilikuwa chafu, umetuheshimu. Kaka yangu alikuwa ameshaanza kujisogeza kwenye kiti aombe sala ya kufunga. Mbuzi alikuwa amefungwa, chai ilikuwa jikoni, jambo lilikuwa limekwisha.

Lakini alikuwa amejilaumu kwa kosa ambalo si lake, na mimi sikuweza kuliacha kosa limekaa mahali pasipo pake. Niliona ni haki yake kujua. Nilidhani namtua mzigo. Nilimwambia hapana, mama, si kwa sababu uliingia jikoni, hilo mimi sikulijali hata kidogo. Nikamweleza. Nilimweleza kwamba ule haukuwa uchafu. Kwamba binti yake aliutaka weusi ule, alikataza usiguswe, alitaka kuona kitu kikizeeka. Nikamweleza habari ya madoa ya ndimu. Kaka alinikanyaga mguu na mimi nikaendelea, sauti yangu ikiwa imetulia, sauti ya mtu anayetoa jibu. Nikafika kwenye ukingo, na kiganja, na jinsi nilivyokuwa nikiweka mkono wangu hapo.

Kuku alipita kati yetu.

"Alikuwa anaweka mkono upande gani?" mama aliuliza.

"Kulia, mama."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka njia.

"Ndipo nilipoanzia," alisema. "Palikuwa peusi kuliko kwingine. Palinisumbua sana, ilibidi nibadilishe gunzi."

Kaka yangu aliomba sala. Ilikuwa sala fupi. Chai ililetwa na tukainywa kwa sababu isingewezekana kuikataa, na nikampa pole, mos, mama, mos sana, naye akaitikia kwamba hakuna neno. Lakini alikuwa ameingiza mikono yake yote miwili ndani ya leso, akaikunja kifuani, na hakuitoa, hata kushika kikombe chake, mpaka tulipoondoka.